Sabuni Iliyomo Mapafuni

Twaeni bakuli la maji safi, mkalaze juu yake sindano kavu, polepole. Sindano itaelea, ijapokuwa ni chuma, kwa kuwa uso wa maji huvutana kama ngozi iliyowambwa. Kisha yaguseni maji kwa kipande cha sabuni: mara sindano yazama.

Sabuni imefanya nini? Kila chembe yake ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Chembe hizo hujipanga juu ya maji, vichwa chini, mikia hewani, na ule mvutano hulegea.

Basi jambo lilo hilo limo vifuani mwetu. Mapafu yana vifuko vya hewa vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, navyo vina unyevu ndani. Tutoapo pumzi, mvutano wa unyevu ule hutaka kuvikunja. Lakini mwili hutengeneza namna ya mafuta, pamoja na protini kidogo, yafanyayo kazi kama ya sabuni; wataalamu huyaita safaktanti. Kifuko kinyweapo, chembe zake husongamana, na mvutano huzidi kulegea. Kwa hiyo hakijifungi.

Mtoto azaliwaye mapema mno hana mafuta hayo ya kutosha. Kila pumzi kwake ni kazi ngumu kama ile ya kwanza, hata huchoka. Mwaka 1959, huko Boston, Marekani, Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa hivyo yalikosa kitu hicho. Lakini kujua ugonjwa si kupata dawa. Mwaka 1963 Patrick, mwana wa Rais John Kennedy, alizaliwa kabla ya wakati, akafa baada ya siku 2. Cheo cha baba hakikufaa kitu.

Sabuni ya kufulia haiwezi kutiwa kifuani, maana ingeyadhuru mapafu. Ndipo mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani na wenzake walipotoa habari za watoto 10 waliotiwa, kwa njia ya koo la pumzi, safaktanti iliyotengenezwa kwa mapafu ya ng'ombe. Vifuko vilifunguka. Siku hizi hutumika pia ya nguruwe, na wanakemia wameunda nyingine isiyotoka kwa mnyama.

Basi mama akiona uchungu kabla ya miezi kutimia, asingoje nyumbani. Hospitalini iko sindano ya kumchoma yeye mwenyewe, iyahimizayo mapafu ya mtoto yapevuke kabla hajazaliwa.