Gomaji ya uso: kipi cha jikoni kinafaa, kipi kinaunguza



Leo tuongelee uso. Wengine watasema hiyo si kazi ya mtu wa agronomia. Lakini angalieni vizuri vile tunavyopakaa ku uso: papai, ndimu, muwa, kahawa, asali, maziwa. Vyote vinatoka mu shamba. Na ile pH tuliyojifunza juu ya udongo, njo hiyo hiyo inayoamua kama ngozi itatulia ao itaungua.

1. Gomaji inafanya nini?

Ngozi inajitengeneza upya yenyewe. Seli mpya zinazaliwa chini, zinapanda pole pole, zinakufa, kisha zinafika juu na kuanguka. Kwa kijana safari hiyo inachukua karibu siku 28. Zile seli zilizokufa si uchafu. Njo ukuta unaozuia maji ya mwili yasitoke na mikrobi zisiingie. Gomaji kazi yake ni kusaidia tu zile zilizokwisha kulegea zianguke, ili zisizibe matundu ya ngozi. Mwenye kusugua kila siku hasafishi zaidi, anabomoa ukuta.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo lingine la kujua. Ngozi yetu ikiumizwa, iwe na butoni, ukucha ao gomaji kali, inajibu kwa kutoa melanini nyingi mahali pale. Kidonda kinapona siku chache, lakini doa linaweza kubaki miezi mingi. Halafu mtu anasugua doa ili liende, anaumiza tena, doa linazidi. Watu wengi wako ndani ya huo mzunguko na wanafikiri shida ni kwamba hawajasugua vya kutosha.

2. Aina mbili

Ya kwanza ni ya kusugua kwa chembe: sukari, chumvi, kahawa iliyosagwa. Chembe za kahawa zina pembe kali na haziyeyuki mu maji. Kwa miguu na viwiko ni sawa, kwa uso hapana. Kama lazima usugue, sukari laini yenye maji inafaa zaidi juu inayeyuka haraka, na vidole visikandamize.

Ya pili haisugui. Inalegeza ile gundi inayoshika seli zilizokufa. Humo muna asidi glikoliki, ambayo iko hata ndani ya muwa ijapokuwa ile ya duka mara nyingi inatoka kiwandani. Asidi laktiki, ya maziwa yaliyochacha. Na asidi salisiliki. Hii ya mwisho inapenya mu mafuta, njo maana inafaa kwa uso wenye mafuta na butoni. Bidhaa za kawaida zina kati ya 0,5 na 2 kwa mia, na hiyo inatosha.

3. Tupitie vya jikoni

Ndimu: uiache. Ngozi iko na pH karibu 5, maji ya ndimu karibu 2. Tunakumbuka kwamba kila hatua ya pH ni mara kumi: ndimu ni chachu kuliko ngozi karibu mara 1 000. Tena ina vitu ambavyo vikikutana na jua vinaunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Mtu anapaka ndimu aondoe doa, anatoka kwenda ku masomo saa sita, anarudi na doa jipya.

Bikaboneti: inavuta upande wa pili, pH yake inapita 8. Na ukiichanganya na ndimu, ule povu si dawa inayofanya kazi. Ni asidi na alkali vinavyouana, gazi inaenda, unabaki na maji ya chumvi.

Papai: hapa tuwe waangalifu. Papai bichi lina utomvu wenye papaini, enzima inayoyeyusha protini. Upande wa Beni watu wanachana matunda mabichi, wanakusanya utomvu, wanaukausha na kuuzisha. Kitu hicho hicho kinalainisha nyama ngumu, na ngozi yako nayo ni protini. Kwa hiyo utomvu usifike ku uso hata kidogo. Papai lililoiva lina enzima kidogo sana: dakika tano ao kumi, kisha maji. Lakini kuna watu ambao mwili wao unalikataa. Ukiona kuwashwa ao kuvimba, uache kabisa.

Mashanza: yasiyo na sukari yana asidi laktiki kidogo. Dakika kumi, mara moja kwa juma. Usingoje muujiza, ila haibomoi.

Asali na avoka: hizi si gomaji. Asali inashika maji mu ngozi, avoka inalainisha. Zinafaa baada ya gomaji, kwa ngozi kavu.

4. Soma kikaratasi

Ku soko utaona gomaji nyingi zilizoandikwa « éclaircissant ». Hapo njo hatari kubwa iko. Tafuta maneno haya: hydroquinone, mercure, clobétasol. La kwanza Ulaya ililiondoa mu bidhaa za kung'arisha ngozi tangu 2001. Zebaki inaharibu figo. Clobétasol ni dawa kali ya daktari. Ukiipaka miezi mingi, ngozi inakuwa nyembamba na kujaa butoni. Na kama chupa haina kikaratasi kabisa, bei yake ndogo isikudanganye.

5. Namna ya kufanya

Jaribu kwanza nyuma ya sikio ao ndani ya mkono, ngoja siku mbili. Fanya usiku, mara moja kwa juma; mbili kama uso una mafuta mengi. Usifanye juu ya butoni zenye usaha ao kidonda. Usichanganye bidhaa mbili siku moja. Uso uoshe kwa sabuni nyepesi, juu sabuni ya kufulia ina pH ya 9 ao 10. Pakaa mafuta mepesi ngozi ikiwa bado na unyevu.

Asubuhi, jikinge na jua. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1 500 juu ya bahari, na kila metre 1 000 miali ya jua inayounguza inaongezeka karibu 10 kwa mia. Baridi ya asubuhi isikudanganye. Krimu ya jua ikiwa ghali, kofia pana ao mwavuli unasaidia sana.

Kisha uvumilie. Ngozi inahitaji siku 28 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kubadilisha bidhaa kila juma hakuna maana. Ipe kitu kimoja miezi miwili. Ikiwa butoni zinauma ao madoa yanazidi, pesa ya chupa ya tatu uipeleke kwa daktari wa ngozi.