Saratani ya utumbo iliyofika kwenye ini: asilimia za daktari zina maana gani?

Hivi karibuni tulikaa na kamati ya diakonia ya usharika mmoja iliyokuwa imepokea ombi la msaada wa matibabu. Mzee wa kanisa, aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, alikuwa amegundulika kuwa na uvimbe kwenye ini. Madaktari walisema unaweza kukatwa. Mjumbe mmoja akauliza, "Tukichanga, ataishi?" Mwingine alikuwa amesikia kwamba mgonjwa ana "asilimia ishirini tu", akashauri fedha zielekezwe kwenye karo za yatima. Hatukumlaumu, maana mfuko wa diakonia haujai kamwe. Ila tuliona kwamba hesabu ile haikueleweka, na tukaahidi kuieleza kwenye jarida hili.

Kwanza, kwa nini ini? Damu itokayo kwenye utumbo hupitia kwenye ini kabla ya kurudi moyoni, hivyo chembe za saratani zilizobanduka hunasa hapo mapema. Kwa baadhi ya wagonjwa ini ndilo mahali pekee ugonjwa ulipofika, na hao ndio wanaoweza kusaidiwa kwa kisu. Tena Mungu ameliumba ini kwa namna ya ajabu: likiwa zima, daktari anaweza kuondoa zaidi ya nusu na lililobaki likakua tena.

Mwaka 1999 daktari Yuman Fong na wenzake wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering, New York, walitoa taarifa ya wagonjwa 1,001 waliokatwa ini kati ya 1985 na 1998. Walipata mambo matano yanayoweza kujulikana kabla ya upasuaji na yanayopunguza matumaini: saratani ya utumbo ilikuwa imefika kwenye tezi za jirani, ini liliathirika kabla ya miezi 12 kupita, uvimbe kwenye ini ni zaidi ya mmoja, ulio mkubwa kuliko yote unazidi sentimita 5, na kipimo cha damu kiitwacho CEA kinazidi 200. Kila jambo ni pointi moja. Wasiokuwa na pointi yoyote, asilimia 60 walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka 5. Wenye pointi zote tano, asilimia 14. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja ilikuwa 37.

Wenye pointi 3 walipata asilimia 20, na wenye pointi 4 wakapata 25! Haiwezekani kwamba kuongezeka kwa ugonjwa kunarefusha maisha. Inaonyesha tu kwamba hesabu hizi ni za makundi, na kundi likiwa dogo namba huyumba. Asilimia 20 haimaanishi kwamba mzee wetu atapona kwa sehemu moja ya tano. Inamaanisha kwamba kati ya watu 100 wanaofanana naye kwa pointi, kama 20 walifika miaka 5, na hakuna ajuaye mapema ni akina nani. Asiyekatwa uvimbe, kufika miaka 5 ni nadra sana. Kwa hiyo 20 inalinganishwa na hiyo, si na 100.

Mwaka 2007 hospitali hiyohiyo ilitoa taarifa nyingine: kati ya wagonjwa 612 waliofuatiliwa, 102 walikuwa hai baada ya miaka 10, na karibu wote walihesabika kuwa wamepona. Lakini kati ya waliofika miaka 5, kama theluthi moja walikuja kufa kwa saratani ileile baadaye. Tunaliandika hili pia kwa sababu wafadhili wetu wanastahili kuambiwa ukweli wote.

Tangu miaka ile dawa na picha za CT zimeboreka, na siku hizi madaktari hupima pia vinasaba vya uvimbe, hasa vile viitwavyo RAS, kwani vikiwa vimebadilika ugonjwa huwa mkali zaidi. Kwa hiyo alama za 1999 zinampa daktari mwanga, lakini hazitoshi kumnyima mtu upasuaji, sembuse kamati isiyo na daktari.

Kamati inayopokea ombi kama hili imwombe daktari, kwa ridhaa ya mgonjwa, aeleze mambo matatu: je, uvimbe wote unaweza kuondolewa? Ini litakalobaki linatosha? Na upasuaji utafanywa na timu iliyozoea kazi hiyo?

Kisha bajeti isiishie kwenye upasuaji. Saratani ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, na ikionekana mapema wengine hukatwa tena. Kwa hiyo mgonjwa anahitaji kipimo cha CEA na picha kila baada ya miezi michache, pamoja na nauli. Kwa ombi lile tuliongeza mstari huo wa nauli na vipimo, na kamati iliupitisha pamoja na mchango wa upasuaji.