Uhuru Katika Fiqhi

Twawasikia baadhi ya vijana wetu hapa Bagamoyo wakisema: "Mimi niko huru, nitafanya nitakalo." Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii (r.a.), tuyafuatayo hapa mwambao, mtumwa hakuwajibishwa Ijumaa, wala Zaka, wala Hija. Alipoachwa huru ndipo yalipomlazimu yote matatu, kwa masharti yake. Basi uhuru humzidishia mja wajibu, na hili wengi hawalitazami.

Tumwangalie Sheikh Ramiya, yaani Yahya bin Abdallah (r.a.). Aliletwa Bagamoyo kutoka Kongo akiwa mtoto, tena mtumwa. Akasoma, akasomesha, akawa khalifa wa Kadiria hata alipofariki mwaka 1931. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Wakati huo yeye alikwisha kuwa sheikh wa waungwana na watumwa pamoja.