Klima ya pikapu: shofere anapata baridi, je mzigo?

Mwezi wa Septemba na Oktoba, mbele ya mvua kuanza, joto la Lubumbashi linapita mara nyingi digri 30. Ndiyo wakati koperativi zinaleta tomati, vitunguu na lengalenga mjini. Na ndiyo wakati tunaulizwa swali moja, kwa wakulima wa barabara ya Kasenga na kwa washofere wanaotengenezesha gari Kamalondo: "Pikapu yetu iko na klima. Tunaweza kubeba chanjo ya kuku na mboga bila shida?" Wale wanaojipanga kununua gari wanauliza pia kama inafaa kuongeza pesa juu ya viti vinavyopoza.

Jibu fupi: klima na viti hivyo vinasaidia watu wanaokaa mbele. Mzigo wa nyuma haupati kitu. Lakini mutu akielewa namna vinavyofanya kazi, anapata pia njia ya kupoza mzigo kwa bei ndogo.

Klima inahamisha joto

Mwaga alkoholi kidogo juu ya mkono. Inakauka haraka na ngozi inasikia baridi. Kitu cha majimaji kikigeuka mvuke, kinachukua joto la pale kilipo. Mvuke ukirudi kuwa majimaji, unaliacha joto lile. Klima inafanya kazi hiyo ndani ya mabomba yaliyofungwa, na gazi maalumu. Magari mengi tangu miaka ya 1990 yanatumia gazi inayoitwa R-134a. Katika presha ya kawaida, inachemka kwenye digri 26 chini ya sifuri.

Safari yake ni hii:

1. Kompresere, inayozungushwa na motere kwa mkanda, inabana gazi. Gazi ikibanwa inapata moto sana.
2. Gazi inapita ndani ya kondansere, ile inayokaa mbele ya radiatere. Upepo wa nje unabeba joto, na gazi inageuka majimaji.
3. Majimaji yanapita kwenye kitundu chembamba. Presha inaanguka mara moja, na yanakuwa baridi.
4. Yanaingia evaporatere, nyuma ya dashibodi. Vantilatere inapitisha hewa ya kabini pale. Majimaji yanachemka, yanachukua joto la hewa ile, na hewa ya baridi inatoka mbele yako. Gazi inarudi kwa kompresere.

Kwa hiyo joto la kabini linatolewa inje, na motere ndiyo inalipa kazi hiyo kwa mazutu. Maji yanayodondoka chini ya gari ni unyevu wa hewa tu. Hapana kuogopa.

Viti vinavyopoza

Viti vya namna hii vilianza kujulikana na Saab 9-5, gari ya Uswidi iliyotoka mwaka 1997. Leo viko katika pikapu za bei kubwa kama aina fulani za Ford F-150. Ngozi ya kiti iko na vitundu vidogo, na vantilatere ndogo zinapitisha hewa ndani yake. Hewa ile inakausha jasho la mgongo, na jasho likikauka linabeba joto. Kiti chenyewe hakitengenezi baridi.

Aina nyingine inatumia kipande cha umeme kinachopata baridi upande mmoja na moto upande wa pili. Mfaransa Jean Peltier alionyesha jambo hilo mwaka 1834. Inapoza vizuri zaidi, lakini ina vipande vingi zaidi vya kuharibika, na kuvipata hapa kwetu si rahisi.

Chanjo ndani ya kabini: hapana

Hapa ndipo pesa za koperativi zinapotea. Chanjo ya kawaida ya ugonjwa wa Newcastle inataka digri 2 mpaka 8. Kabini yenye klima nzuri iko kwa digri 20 na zaidi. Na klima inakufa wakati motere inazimwa. Gari ikisimama juani na vioo vimefungwa, kwa saa 1 joto la ndani linaweza kupanda digri 20 na kupita. Shofere akishuka kula, chanjo imepikwa.

Ubaya ni kwamba chanjo iliyokufa inaweza kufanana na ile nzima. Mutachanja kuku wote, mutalipa, na ugonjwa ukifika, kuku watakufa tu. Tumia glasiyere yenye barafu, ifungwe vizuri, iwekwe kivulini. Funga chupa kwa karatasi au kitambaa ili zisiguse barafu, juu ya chanjo nyingine zinaharibika zikigandishwa. Iko pia chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia na kutumiwa Tanzania na Msumbiji, ambayo inavumilia joto zaidi. Hata ile, usiiweke juani.

Klima ya mzigo: maji na upepo

Tomati iliyovunwa inaendelea kupumua. Joto likipanda digri 10, inapumua mara 2 mpaka 3 zaidi, na inaoza mbio. Lakini sheria ile ya alkoholi juu ya mkono inafanya kazi pia nyuma ya pikapu. Litre 1 ya maji ikikauka yote inachukua joto la kutosha kushusha karibu kilo 60 za tomati kwa digri 10. Katika safari hautapata faida yote hiyo, maana sehemu ya baridi inaenda na upepo. Hata nusu yake ni kitu.

Fanyeni hivi:

- Vuneni asubuhi mapema, muweke mavuno kivulini, muanze safari mbele ya jua kali.
- Wekeni magunia yaliyolowana kandokando na juu ya vitunga. Tomati zenyewe zisilowane, zitaota ukungu.
- Fungeni bashi ya rangi nyeupe juu, lakini muache nafasi upepo upite. Plastiki nyeusi iliyobana inapika mboga.
- Lowanisheni magunia tena kila mukisimama.

Njia hii inasaidia sana wakati wa kipwa, hewa ikiwa kavu. Wakati wa mvua hewa imejaa maji, kwa hiyo faida ni ndogo.

Kutunza klima yenu

Vumbi jekundu la barabara zetu linaziba kondansere. Muioshe kwa maji ya polepole, na mubadilishe filtre ya kabini. Washeni klima dakika chache kila mwezi, hata wakati wa baridi, ili mafuta yazunguke na mipira isikauke.

Kama baridi imepungua, fundi atafute kwanza mahali gazi inatoka. Kujaza bila kuziba ni kulipa mara mbili. Na mukataze kabisa kuweka gazi ya kupikia ndani ya klima: inashika moto, na evaporatere iko ndani ya kabini, pamoja na nyinyi.

Kabla ya kununua

Klima ya kawaida inafaa: shofere asiyechoka na joto anaendesha vizuri. Viti vinavyopoza vinaweza kungoja. Pesa ile inunue kwanza bashi nzuri, vitunga vigumu na glasiyere. Mujadili hayo katika mkutano wa koperativi mbele ya kwenda kuona gari, maana mukifika pale muuzaji atawaonyesha viti kwanza.