Tuwalinde wazee wetu ndani ya nyumba

Huku mashariki ya Kongo, tukisikia neno «hatari» tunafikiri kwanza vita. Lakini mzee anaweza kuumia kati ya kitanda chake na choo, na anaweza kufa kwa ajili ya mbabula iliyowekwa ndani ili apate joto. Amri ya kuheshimu baba na mama haikuwekewa mwisho wa miaka. Tuangalie basi mambo tunayoweza kufanya sisi wenyewe, hata kwa pesa kidogo.

Kuanguka

Mifupa ya mzee inavunjika upesi. Akivunjika nyonga, analala siku nyingi, anapata vidonda vya mgongo, na mapafu yanaweza kushikwa na ugonjwa. Wengi huanguka usiku wakienda choo. Tumpe toshi au taa ndogo ya jua karibu na kitanda, na ndoo yenye kifuniko ili asitoke nje kwenye mvua. Tuondoe bidoni na viti katika njia yake. Pale Goma, ambapo viwanja vingi ni mawe ya volkano, tusawazishe njia ya kwenda choo na tufunge mti imara wa kushikilia ukutani. Kandambili zilizoisha chini ziteketezwe. Viatu vinavyoshika mguu ni bora.

Mbabula na makala

Huko Lubero na Masisi baridi ni kali. Lakini makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, analala, haamki tena. Hata makala yaliyoanza kuwa majivu bado yanatoa sumu hiyo. Tusilaze mzee pamoja na mbabula. Tumwongezee blanketi na soksi, na mbabula ibaki nje.

Dawa

Tansio ya damu mara nyingi haina maumivu. Ikipimwa mara kadhaa na kukutwa imefika 14 juu ya 9 au kuzidi, mzee apelekwe kwa muganga. Akipewa dawa, aimeze kila siku, hata akijisikia vizuri, kwa sababu dawa ndiyo inayozuia tansio isipande. Akiiacha bila shauri la muganga, tansio inaweza kupanda tena. Tupunguze pia chumvi katika sombe na katika samaki waliokaushwa.

Tujihadhari na vidonge vya maumivu vinavyouzwa barabarani, kama diklofenaki na ibuprofeni. Vikitumiwa siku nyingi vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha tansio. Na kama ghafula uso wa mzee unapinda upande mmoja, mkono unakosa nguvu, au maneno hayatoki sawa, tusingoje kesho. Tumpeleke hospitali saa ile ile.

Kusahau si uchawi

Hapa tuseme wazi. Kuna ugonjwa wa ubongo unaomfanya mzee kusahau majina ya watoto wake, kutembea usiku bila kujua anakokwenda, au kusema maneno yasiyoeleweka. Majirani wanaona hayo na kusema ni mchawi. Katika Kivu ya Kusini mama wazee wameuawa kwa mashtaka ya namna hiyo. Mzee akianza kubadilika hivyo, kazi ya jamaa ni kumpeleka kupimwa, kwa maana hata malaria au kukosa maji mwilini kunaweza kumchanganya akili. Na kazi ya kanisa ni kunyamazisha maneno hayo kabla hayajawa mawe mikononi mwa vijana. Mchungaji na washemasi wakienda kuketi na mzee huyo mchana, wote wakiona, hilo peke yake linamkinga.

Siku ya kukimbia

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wengi wa Goma walitoka mbio. Vita navyo havitoi taarifa. Katika mbio za namna hiyo, asiye na miguu yenye nguvu ndiye anayebaki. Basi jamaa ikubaliane mapema: nani atambeba koko, na kwa njia gani? Mfuko wake uwe tayari: dawa za siku kadhaa, karatasi ya hospitali, miwani, kikoi, na namba za simu za watoto zilizoandikwa kwenye karatasi.

Katiba ya nchi yetu, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tusingoje serikali peke yake. Kila parokia iandike orodha ya wazee wanaoishi peke yao, na vikundi vya mama na vijana vigawane nyumba za kutembelea. Juma hili, kila mmoja wetu aingie nyumbani kwa mzee mmoja, aangalie njia ya choo, mbabula na dawa, kisha atengeneze lile analoweza kabla ya kurudi kwake.