Kutambua Mbonyezo wa Kitufe katika Skripti ya Sheli: Baiti, Herufi na Maana katika Mazingira ya Lugha Nyingi ya Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi skripti ya sheli inavyopokea mbonyezo wa kitufe kimoja bila kusubiri Enter. Yanadai kwamba kati ya kidole na uamuzi wa skripti kuna mapengo mawili: kitufe hufika kikiwa baiti, na herufi moja haibebi maana moja katika kila lugha. Bujumbura, ambako lugha nne na mipangilio miwili ya kibodi hukutana, inadhihirisha mapengo hayo waziwazi. Makala yanapendekeza kwamba idhini ya tendo lisiloweza kutenguliwa isitegemee kitufe kimoja.

1. Utangulizi

Katika Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake, si ajabu mtu kusalimu kwa Kirundi, kupatana bei kwa Kiswahili na kuandika stakabadhi kwa Kifaransa. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikaongezwa miongoni mwa lugha rasmi. Hali hii ya lugha hufika hadi kwenye kibodi. Kompyuta zenye mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, hukaa meza moja na zile za QWERTY. Mwandishi wa skripti anayeuliza swali kisha kusubiri kitufe kimoja hana budi kujua ni nini hasa kitakachomfikia.

2. Namna kitufe kinavyofika kwenye skripti

Katika Linux na mifumo ya jamii ya Unix, teminali kwa kawaida hufanya kazi kwa mistari. Kiini cha mfumo hukusanya herufi, humruhusu mtumiaji kuzisahihisha, na huikabidhi programu mstari mzima baada ya Enter. Ndiyo sababu amri ya kawaida ya read haioni kitu hadi mstari ukamilike.

Sheli ya Bash hutoa njia fupi ya kuuvuka utaratibu huo:

IFS= read -r -s -n 1 kitufe

Hapa -n 1 hudai herufi moja tu, -s huzuia herufi isionekane kwenye skrini, -r huacha mkwaju-nyuma ulivyo, na IFS tupu huhifadhi nafasi. Mtumiaji akibonyeza Enter, kibadilika kitufe hubaki kitupu.

Njia hii haimo katika sheli zote. Katika Debian na Ubuntu, sh ni dash, ambayo haitambui -n. Huko teminali yenyewe hubadilishwa kwa stty:

zamani=$(stty -g)
trap 'stty "$zamani"' EXIT
trap 'exit 130' INT
stty -icanon -echo min 1 time 0
kitufe=$(dd bs=1 count=1 2>/dev/null)
stty "$zamani"

Mstari wa kwanza huhifadhi hali ya awali, na mistari ya trap huirejesha hata mtumiaji akikatiza kwa Ctrl-C. Bila tahadhari hiyo, mtu huachiwa teminali isiyoonyesha anachoandika, akadhani kompyuta imeharibika.

3. Pengo la kwanza: kitufe na baiti

Teminali haimwambii mwandishi kwamba kitufe fulani kimebonyezwa au kuachiwa. Shift peke yake haitumi kitu. Mshale wa juu hutuma baiti tatu: 27, 91 na 65, yaani Esc, mabano ya mraba na A. Kitufe cha End, katika teminali nyingi, hutuma Esc, mabano ya mraba na F. Skripti inayosoma baiti moja huchukua 27 na kuziacha mbili zikisubiri kwenye foleni. Ikiwa menyu inatumia F kwa maana ya «futa», masalio hayo yanaweza kusomwa kuwa jibu la swali lijalo.

Katika AZERTY, safu ya tarakimu hutoa tarakimu kwa Shift pekee. Anayeambiwa «bonyeza 1» akasahau Shift hutuma &; aliyekusudia 2 hutuma é, ambayo katika UTF-8 ni baiti mbili, 195 na 169. Bash katika mazingira ya UTF-8 huisoma kuwa herufi moja, lakini mbinu ya dd huikata katikati. Isitoshe, kibodi ya AZERTY ikiunganishwa na mfumo uliopangwa kwa QWERTY, kitufe chenye alama ya A hutoa q. Palipoandikwa «a kuanza, q kuacha», mtumiaji hupata kinyume cha alichotaka.

Dawa ni kuondoa masalio. Baada ya kupokea 27, skripti ya Bash isome tena kwa muda mfupi sana, kwa mfano read -t 0.05, hadi foleni iishe. Vilevile, jibu lisilotarajiwa likataliwe na swali lirudiwe, lisigeuzwe kuwa chaguo-msingi.

4. Pengo la pili: herufi na maana

Hata baiti zikisomwa kwa usahihi, maana bado inaweza kupotea. Herufi n ni mwanzo wa «non» kwa Kifaransa na «no» kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ni mwanzo wa «ndiyo». Herufi o ni mwanzo wa «oui», lakini kwa Kirundi ni mwanzo wa «oya», yaani hapana. Hivyo swali la kufuta faili linaloishia kwa o/n linaweza kujibiwa na watu wawili waaminifu kwa herufi ileile, mmoja akikubali na mwingine akikataa.

Amri ya locale yesexpr hutoa ruwaza ya jibu la kukubali katika lugha iliyowekwa kwenye mfumo. Inafaa, ila inajua lugha ya mashine tu. Haijui lugha ya aliyeketi mbele yake.

5. Mapendekezo na hitimisho

Kitufe kimoja kinatosha kwa matendo yanayoweza kutenguliwa: kufungua ukurasa, kusogea kwenye menyu, kusimamisha kwa muda. Kwa kufuta, kulipa au kubadilisha kumbukumbu, skripti idai neno kamili, kama «futa» au «ndiyo», likifuatwa na Enter, na jibu lingine lolote lihesabiwe kuwa katazo. Neno kamili hupoteza sekunde mbili, nalo huokoa daftari la mwaka mzima.

Wanaosanifu istilahi na violesura vya Kiswahili wanapaswa kulizingatia jambo hili. Kutafsiri swali huku herufi za majibu zikiachwa zilivyo ni kuacha tafsiri nusu njiani, na nusu iliyobaki ndiyo inayotekelezwa na mashine.