Nyutroni za jua zilizofika Uswisi

Tarehe 3 Juni 1982 mlipuko mkubwa ulitokea juani. Satelaiti ya Marekani, Solar Maximum Mission, ilinasa miale ya gama. Punde, kipimo cha nyutroni kilichoko Jungfraujoch, kwenye milima ya Uswisi, zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, kikapanda kuliko kawaida. Ndiyo mara ya kwanza nyutroni za jua kugunduliwa kutoka ardhini.

Kufika kwenyewe ni bahati. Nyutroni ikishatoka kwenye kiini cha atomu huishi wastani wa dakika 15 tu, kisha huvunjika. Mwanga wa jua hutufikia kwa dakika 8 na kidogo. Nyutroni ya elektronivolti milioni 100 huhitaji kama dakika 19. Za polepole zaidi karibu zote hufia njiani.

Chanzo cha nyutroni hizi ni sumaku. Mistari ya nguvu ya sumaku iliyojisokota juu ya jua hukatika na kuungana upya, ikafyatua protoni kama jiwe la manati. Protoni hizo zikishuka kwenye gesi nzito hugonga viini vya atomu na kuvipasua, nyutroni zikaruka nje. Viini vilivyotikiswa hutulia kwa kutoa miale ya gama, kila kimoja na nishati yake: kaboni elektronivolti milioni 4.4, oksijeni milioni 6.1. Nyutroni zinazozama ndani hupunguza mwendo, zikanaswa na haidrojeni, na hapo hutoka mwale wa milioni 2.2. Protoni kali zaidi huzaa chembe ziitwazo pioni, na zile zisizo na chaji hugeuka mara moja kuwa miale ya gama yenye nguvu kubwa mno. Mlipuko wa Machi 2012 uliiacha darubini ya Fermi ikipokea miale ya aina hiyo kwa takriban saa 20, na wataalamu bado wanabishana ni nini kilichoendelea kuzisukuma protoni muda wote huo.

Je, tuogope? Huku chini, hewa hutukinga na gama ya jua. Kinachounguza ngozi, hasa ya wenye ualbino, ni urujuanimno, nao haungoji mlipuko. Wa kuhofiwa ni mwanaanga, na kwake hatari kubwa ni protoni zenyewe. Agosti 1972 jua lilirusha dhoruba kali ya protoni. Kwa bahati, wanaanga wa safari ya mwezini ya Apollo 16 walikuwa wamerudi tangu Aprili, na wa Apollo 17 hawakuondoka hadi Desemba.